Kamba ya Kuzungushia Mti

Mti uliosimama haukuonyeshi kipenyo chake. Unaweza kuuzunguka, kuukumbatia, kuugonga kwa ubapa wa panga ukasikiliza kama ni mzima au una uwazi ndani, lakini ule mstari unaopita katikati kutoka gamba hadi gamba umefichika, na ukitaka kuuona kwa macho sharti uuangushe mti wenyewe. Kazi yangu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ilikuwa kuutaja mstari huo bila kuangusha kitu. Nilikuwa mpima misitu, kwanza kwenye mashamba ya misindano kule Mufindi, baadaye popote nilipotumwa, na chombo changu kikubwa kilikuwa utepe wa kuzungushia shina.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Mzingo wa duara ni kipenyo mara pai, basi ukishapata mzingo unagawa kwa 3.1416 na kipenyo kinatoka. Shina lenye mzingo wa sentimita 126 lina kipenyo cha sentimita 40.1. Kuna kijana wa mafunzo aliwahi kuniambia kwamba kama kazi ndiyo hii, serikali inapoteza mishahara. Sikumjibu. Nilimpa utepe nikamwelekeza kwenye mti ulioota mteremkoni, umeinama kidogo, una kigongo cha tawi lililokatwa zamani palepale anapotakiwa kupima, na umesokotwa na mtambaazi mnene kama mkono wa mtoto. Alirudi baada ya muda mrefu akiwa na namba mbili tofauti.

Msituni kipenyo hupimwa usawa wa kifua, na kifua hicho si cha mtu yeyote: ni mita 1.3 kutoka ardhini. Mfupi na mrefu wote wanapima hapohapo, kwa hiyo wengi hukata fimbo ya urefu huo wakatembea nayo. Kwenye mteremko unasimama upande wa juu. Mti ulioinama unaupima kwa kufuata mwinamo wake, utepe ukikata shina mraba. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 unahesabiwa kuwa ni miwili. Kigongo kikikaa pale pale, unapanda au kushuka hadi shina litulie, na unaandika kwamba umehama. Katika misitu ya asili, Usambara au Udzungwa, utakuta miti ambayo mizizi yake imetanuka na kusimama ubavuni mwa shina kupita kichwa cha mtu. Hapo mita 1.3 haina maana tena. Unatafuta ngazi upime juu ya mizizi hiyo. Nimeona watu wakizungusha kamba kwenye mizizi hiyohiyo na kutangaza kipenyo cha kutisha. Ni mti mkubwa, ndiyo, lakini hiyo namba ni ya mizizi na hewa iliyo katikati yake.

Utepe wa kipenyo ni kifaa cha kijanja kuliko unavyoonekana. Una nyuso mbili. Uso mmoja una sentimita za kawaida. Uso wa pili una namba zilizokaa mbalimbali, maana kila kinachoitwa sentimita moja pale kina urefu wa sentimita 3.1416. Ukiuzungusha kwenye shina husomi mzingo. Unasoma kipenyo moja kwa moja, kwa kuwa kugawa kulishafanyika kiwandani. Fundi cherehani akiuchukua kwa bahati mbaya upande huo, mama mwenye kiuno cha sentimita 94 atasomeka 30. Kwenye ncha kuna ndoano ndogo ya kuchomeka kwenye gamba, ili mtu mmoja aweze kuzunguka mti mkubwa bila msaidizi wa kumshikia. Utepe wangu wa kwanza ulilowa utomvu wa misindano mpaka ukawa unanata kwenye vidole, na namba kati ya 20 na 30 zilifutika kabla ya nyingine zote, kwa sababu huo ndio ulikuwa unene wa miti mingi tuliyopima. Nilikuwa nazisoma kwa kuhesabu kutoka 30 kurudi nyuma. Nasoma kwa sauti, karani anarudia kwa sauti, ndipo anaandika: “Ishirini na saba nukta nne.” “Ishirini na saba nukta nne.” Siku nzima hivyo. Karani asiyerudia hakai kwenye timu.

Nani aliyetuletea hiyo 3.1416? Chuoni Olmotonyi, chini ya Mlima Meru, mwalimu wetu wa vipimo alipenda kutukumbusha kwamba namba hii ilitafutwa na watu ambao hawakuwahi kuuona msindano. Arkimedes wa Sirakusa, zaidi ya miaka 200 kabla ya Kristo, alichora umbo lenye pande 96 ndani ya duara na jingine nje yake, akaonyesha kwamba pai iko kati ya 3 na 10/71 kwa chini na 3 na 1/7 kwa juu. Hiyo ya juu ndiyo 22/7 tuliyokariri sote. Mwaka 1424, Jamshid al-Kashi, mwanafalaki wa Samarkand, aliifikisha kwenye tarakimu 16 baada ya nukta bila mashine yoyote, kwa mkono na karatasi. Mwalimu akishamaliza sifa hizo alikuwa akigeuka na kutuambia kwamba msituni 22/7 inatosha na kubaki. Tulihakikisha wenyewe: mti wenye kipenyo cha mita moja kamili, ukitumia 22/7, unapungua nusu ya milimita na haifiki. Gamba moja lililobanduka linakupotosha zaidi ya hapo.

Kuzunguka kuna faida ambayo wengi hawaitambui. Ukikosea sentimita moja kwenye mzingo, kosa likifika kwenye kipenyo limeshagawanywa kwa pai. Limebaki milimita tatu hivi. Ndiyo maana mtu mwenye kamba ya katani na akili timamu anaweza kumzidi mwenye rula ya bei mbaya anayejaribu kukisia unene kwa kuiegemeza mbele ya shina. Kamba inazunguka na kusamehe.

Ila inasamehe kwa upendeleo, na hili ndilo nililochukua miaka kulielewa vizuri. Tazama namna utepe unavyoweza kukosea. Ukilala upande mmoja badala ya kukata shina mraba, mzunguko unarefuka. Kuvu au ukoga ukikaa chini yake, unarefuka. Kidole gumba cha mpimaji kikibaki ndani, unarefuka. Mtambaazi, kigongo, gamba lililonyanyuka, vyote vinarefusha. Kupunguza karibu haiwezekani, labda uukaze hadi ubonyeze magamba. Makosa yanayokwenda huku na huku, leo juu kesho chini, hufutana ukishapima miti mingi. Ndiyo raha ya kupima mingi. Lakini kosa lenye upande mmoja halifutiki hata upime msitu mzima. Linajikusanya kimyakimya na karatasi zinaonekana safi.

Halafu kuna jambo la umbo. Utepe unaamini kila shina ni duara, na mashina hayajaapa kuwa hivyo. Nenda ukingoni mwa shamba, kwenye upepo na jua la upande mmoja, uangalie kisiki kilichokatwa leo asubuhi: kiini hakipo katikati, pete zimenenepa upande mmoja na kubanana upande mwingine, na kisiki chenyewe ni yai. Chukua kisiki chenye sentimita 50 kwa upande mrefu na 40 kwa upande mfupi. Utepe ukikizunguka utasoma takribani 45.1. Ni namba nzuri, na wanahisabati wana uthibitisho wa kupendeza hapo: kwa umbo lolote lisilo na mbonyeo, kipenyo kinachotokana na mzingo ni sawa kabisa na wastani wa unene wa umbo hilo ukilipima kutoka pande zote zilizopo. Ni Cauchy, Mfaransa, aliyeonyesha hilo karne ya 19. Kwa maana hiyo utepe mmoja umefanya kazi ya kalipa (koleo la kupimia unene) isiyochoka.

Tatizo ni kwamba hatununui kipenyo. Tunanunua mbao, na mbao hutoka kwenye eneo la mkato, na eneo hilo unalipata kwa kukizidisha kipenyo kwa chenyewe. Eneo la kweli la kisiki kile cha yai ni sentimita za mraba 1,571. Utepe utakupa 1,600. Umezidisha karibu asilimia mbili, na daima utazidisha, haitatokea upunguze, kwa sababu kati ya maumbo yote yenye mzingo mmoja, duara ndilo linalobeba eneo kubwa kuliko yote. Asilimia mbili kwa mti mmoja ni vumbi la msumeno. Lakini tathmini ya taifa ya misitu iliyofanyika Tanzania Bara kuanzia mwaka 2009, ambayo matokeo yake yalitolewa 2015, ilikadiria miti yetu kuwa na mita za ujazo bilioni 3.3. Kwa kiwango hicho, asilimia moja tu ya kosa lenye upande mmoja ni mita za ujazo milioni 33. Na siku hizi kuna wanunuzi wa hewa ukaa, ambao milinganyo yao huongeza uzito wa kipenyo kupita hata mraba. Mtu anayepima kwa ajili yao akiwa na kidole ndani ya utepe anauza hewa mara mbili.

Pwani walikuwa na njia ya kukwepa hesabu hii yote. Wafanyabiashara wa mikoko wa Lamu na Rufiji, waliopakia miti majahazini kwenda Ghuba, waliipanga kwa madaraja ya unene yenye majina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Miti ikahesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Jicho na kiganja vilitosha, na ubishi ukibaki ulikuwa juu ya mti uliokaa mpakani mwa madaraja mawili. Nausifu utaratibu huo bila kuutamani. Unafaa pale mti unapotumika mzima jinsi ulivyo, darini au ukutani. Ukishaanza kuupasua, unene unageuka kuwa pesa, na kila mtu anakuja na kamba yake.

Kamba hizo nilizishuhudia zikikutana nyumbani kwa shangazi yangu, kwenye vilima vya Mufindi, ambako karibu kila kaya ina misindano au milingoti yake ya akiba. Nilikuwa likizo. Shangazi alikuwa amekata sehemu ya shamba lake, magogo ya mita nne nne yamelala barabarani, na mnunuzi kijana amefika na gari. Bei walikwisha kuipatana kwa simu, kwa kila mita ya ujazo. Iliyobaki ilikuwa kupima.

Upande wa shangazi alikuwepo jirani yake, mzee aliyepasua mbao za shimo enzi za ujana wake, mmoja juu mmoja chini na msumeno katikati. Yeye alizungusha kamba kwenye gogo, akainyoosha juu ya futikamba, 126, akasema gawa kwa tatu, arobaini na mbili, basi. Ndivyo walivyofanya siku zote. Kijana naye alizungusha kamba yake ya katani palepale, ikatoka 126 ileile. Lakini hakugawa chochote. Aliikunja katikati, akaikunja tena, akapima mkunjo: 31.5. “Hii mara hii, mara urefu,” akasema, akaanza kuandika.

Shangazi aliniita. “Mwanangu, wewe ndiye wa mambo haya. Wamepima kitu kimoja wamepata vitu viwili.”

Nilichukua daftari la mjukuu wake nikaandika namba tatu. Kwa mzee, aliyegawa kwa tatu, mkato wa gogo ni sentimita za mraba 1,385. Kwa pai ni 1,263. Kwa kijana, 992. Mzee alikuwa amezidisha karibu asilimia kumi, kijana amepunguza zaidi ya ishirini na moja, na wote wawili walikuwa wameshika mzingo sahihi.

“Sasa mti wangu ni upi katika hiyo mitatu?” shangazi akauliza.

Njia ya kijana si ya kubuni. Ina jina na ina umri. Edward Hoppus alichapa majedwali yake London mwaka 1736, na Waingereza wakaitumia katika biashara ya magogo nyumbani kwao na katika makoloni yao: robo ya mzingo, mraba wake, mara urefu. Ukiipiga hesabu, daima inatoa asilimia 78.5 ya ujazo wa kweli wa gogo la duara. Haijali mti ni mnene au mwembamba, pengo ni lilelile. Kwa gogo la shangazi la mita nne, mita za ujazo 0.505 ziligeuka 0.397. Katika kila magogo kumi ya namna hiyo, mita nzima ya ujazo na ziada ilikuwa inapanda gari bila kuandikwa.

Kijana alijitetea vizuri, na nilimpenda kwa hilo. “Shikamoo yako kwanza mzee wangu, usinielewe vibaya. Gogo ni la duara, mbao ni za pembe nne. Yale mabanzi ya pembeni nani atanilipa?”

Ana haki. Ukitaka kutoa boriti moja ya mraba kutoka kwenye gogo la sentimita 40.1, upande wake mkubwa kabisa ni 28.4, yaani sentimita za mraba 804 tu. Hata huo mraba wa 31.5 anaoupata kwa kukunja kamba hauwezi kutoka kwenye gogo lile. Pembe zake zingechomoza nje ya magamba. Kwa macho ya mpasuaji, kamba ya robo ni kipimo cha ukarimu. Kwa macho ya mwenye mti, ni kukatwa moja ya tano ya mali yake kabla ya mazungumzo. Mimi sioni wizi ndani ya kamba yenyewe. Kipimo chochote ni halali mkiwa mmekipatia bei yake. Ubaya unaingia pale bei inapotajwa kwa mita ya ujazo kamili, ile wanayotumia mashamba ya serikali na majirani wote, kisha kinapoletwa kipimo cha robo siku ya kupakia. Ukipima kwa robo, bei ya mita lazima ipande asilimia 27 ili mwenye mti apate kilekile. Hilo nililiandika chini ya zile namba tatu nikalipigia mstari.

Mzee wa shimo hakufurahi. Alidhani nimekuja kumtetea, na nimemwambia mbele ya mgeni kwamba tatu yake inaongeza gogo. Aliniuliza kama mbao alizopasua miaka ile yote zilikuwa za uongo. Nikamwambia hapana baba, mbao zilikuwa za kweli, magogo ndiyo yalikuwa manene kwenye daftari. Akacheka kwa shida.

Shangazi alikaa kimya akiangalia daftari. Kisha akamgeukia kijana. “Kunja kamba yako unavyotaka, mjukuu wangu. Ila na bei yako uikunjue.”

Walivutana. Kijana alipiga simu pembeni, akarudi, akapanda kidogo, shangazi akatikisa kichwa, akapanda tena. Mwishowe alisema tupime kwa pai, bei ile ya kwanza, kwa sababu hesabu ya asilimia 27 ilikuwa ngumu kumweleza bosi wake kwenye simu. Tulitengeneza kamba mpya: tukaweka fundo kila sentimita 31.4, kila fundo likawa kipenyo cha sentimita kumi, na kati ya mafundo tukachora alama tisa kwa kalamu ya rangi. Wajukuu wakazunguka nayo gogo kwa gogo wakipiga kelele, kijana akaandika, mzee akarudia kila namba kama karani aliyesomea.

Tukaketi kunywa chai. Kikombe hakijaisha, kijana akaanza tena, kwa adabu. Kamba, akasema, imezungushwa juu ya magamba, na yeye hanunui magamba.

Ni kweli tupu. Gamba la msindano likiwa na unene wa sentimita moja, linakula sentimita mbili za kipenyo, kwa kuwa liko pande zote mbili. Gogo letu la 40.1 ndani ya gamba ni 38.1, na mkato wake ni 1,140: karibu asilimia kumi imeondoka, kiasi kilekile ambacho mzee alikuwa ameongeza kwa kugawa kwa tatu. Wapimaji wana kifaa cha kutobolea gamba na kusoma unene wake. Mimi nilikuwa likizo, sikuwa nacho, na mashimo ya kisu kwenye magogo machache yalituonyesha sentimita moja hapa, nusu pale, moja na nusu kwenye gogo la shinani. Mzee akadakia kwamba enzi zake magamba hayakuwahi kuzungumzwa. Nilikuwa naanza kutafuta ukurasa mtupu kwenye daftari pale shangazi alipoweka kikombe chini.

“Kama magamba hununui,” akamwambia kijana, “basi yabandue hapahapa gogo kwa gogo uyaache. Mimi napikia.”

Kijana aliangalia rundo la magogo, akaangalia jua. Akasema bei pamoja na magamba yake haina shida, apakie.